Saa Haiaminiki

Katika kiwanda kimoja cha kuchambua pamba, nje kidogo ya Bariadi, palikuwa na mwanamke aliyeingia kazini mara ishirini na mbili ndani ya dakika kumi. Tarehe yenyewe ilikuwa mosi Januari, mwaka elfu mbili. Wakati huo kiwanda kilikuwa hakijajengwa, pale palikuwa malisho ya ng'ombe, na mwanamke mwenyewe alikuwa kwao Shishiyu akipalilia mahindi. Lakini mashine ilisema aliingia, na ofisi ikaiamini mashine. Wala haikuiamini ili imsifu mama wa watu kwa bidii. Iliiamini ili imfukuze.

Mwanamke huyo aliitwa Milembe. Kazi yake ilikuwa kufagia vumbi la pamba chini ya mitambo, na alikuwa ameifanya misimu kumi na mmoja. Aliyejua ukweli wote wa mkasa wake tangu mwanzo ni Elia, kijana wa miaka ishirini na saba, afisa TEHAMA wa kiwanda hicho. Kwa kuwa alijua na akauchuna, tumtazame yeye kwanza, na tusimwonee huruma kabla ya wakati wake.

Elia alitoka chuo kule Mwanza na vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki, akaajiriwa na meneja aitwaye Januarius. Bwana Januarius alipenda mambo mawili hapa duniani: neno "mfumo" na kubana matumizi. Alitaka mashine ya mahudhurio, ile ya kuweka kidole ukutani. Za dukani akaziona ghali, akamwuliza Elia kama anaweza kuunda moja kwa vipande. Elia alikuwa na miezi mitatu kazini, na bado kila swali la bosi aliliona mtihani wa chuo, kwa hiyo akajibu ndiyo. Tena akaiunda, ikafanya kazi. Meneja akaenda nayo kwa mdomo kwenye kila kikao cha mkoa. "Mfumo wetu wenyewe," alisema, "hauna ubabaishaji."

Sasa ndani ya mashine ile mlikuwa na kidude cha kutunza saa, kidogo kuliko punje ya hindi, na pembeni yake betri bapa kama sarafu. Umeme ukiwepo, kidude kinakula umeme. Umeme ukizimwa, betri inakishikilia kiendelee kuhesabu. Betri ikichoka, kidude kinapoteza fahamu, na umeme ukirudi kinaamka na kuanza kuhesabu upya toka mwaka elfu mbili, kama mlevi anayezinduka na kuuliza kama bibi harusi ameshafika. Ila kidude kile kinawashinda walevi kwa jambo moja, kina adabu. Kikiamka kinainua alama inayosema: nguvu zilinikatika, saa nitakayokupa usiiamini.

Kazi ya kuisoma alama hiyo ni ya kijiprogramu ambacho wenye fani wanakiita draiva. Hapa hatumsemi yule wa lori la marobota. Huyu anasimama kati ya kidude cha saa na mashine nzima. Mashine ikitaka kujua saa inamwuliza yeye, naye anakiuliza kidude. Draiva aliyeandikwa vizuri huanza na ile alama. Akiikuta imeinuliwa, hatoi saa hata umpigie magoti. Atasema hajui, na atashikilia hapohapo mpaka mtu mwenye akili zake aje aweke saa sahihi. Elia aliandika draiva wa namna hiyo. Aliandika vizuri kabisa, na hilo ndilo linaloudhi zaidi katika habari hii.

Mwezi wa sita meneja akatoa amri ya kubana matumizi: kila jioni mitambo ikisimama, swichi kuu izimwe kiwanda kizima, na mlinzi Machibya aiwashe saa kumi na moja alfajiri. Kwa hiyo kila usiku betri ikabaki peke yake na mzigo wa saa. Nayo ilikuwa betri ya kuokoteza, iliyokaa dukani miaka. Ilivumilia wiki nne. Siku ya kwanza ya Julai ikakata roho.

Asubuhi hiyo mashine ikafanya kile ilichofundishwa. Ikapiga mlio, ikaandika kwenye kioo chake: SAA HAIAMINIKI. WEKA SAA. Haikupokea kidole cha mtu. Mtu akiweka, inalia na kurudia maneno yaleyale. Foleni ikafika hadi kwenye mizani ya malori. Wilhelmina, afisa utumishi, alivumilia mlio ule dakika tano, kisha akachuma pamba kwenye robota lililopasuka, akaiviringa, akakiziba kitundu cha sauti. Mahali pengine wangetafuta fundi. Bariadi pamba iko karibu kuliko fundi.

Sauti ikafifia lakini maneno yakabaki, na hapo ndipo gari la meneja likaingia.

"Haiaminiki?" alisoma, kisha akamgeukia Elia. "Nani haaminiki? Mimi?"

"Ni saa, bosi. Betri ya ndani imekufa, kwa hiyo mashine haijui ni saa ngapi. Inaomba kuwekewa, na swichi ikizimwa jioni itasahau tena."

"Machibya anajua ni saa ngapi. Huyu mlinzi wa darasa la nne anajua, mfumo wangu haujui?"

"Betri mpya bei yake ni chapati mbili na chai, bosi. Zipo kwa fundi saa pale sokoni."

"Andika maombi."

Elia akaandika. Maombi ya kwanza yalipotea. Ya pili yalirudi kwa kukosa namba ya kumbukumbu. Ya tatu yalikubaliwa kimsingi, yakasubiri bajeti ya mwaka unaofuata. Asingeweza kununua betri kimyakimya akaitia mwenyewe, maana mashine ilipigwa lakiri, na kulikuwa na waraka unaosema atakayeifungua bila kibali cha maandishi atakuwa ametenda kosa la nidhamu. Waraka huo aliuandika Elia mwenyewe, siku za majivuno yake, akiogopa watu wasije wakamchezea kazi.

Lakini meneja hakusubiri betri. Alitaka foleni iondoke. "Sikiliza, Mboje," alimwambia, akimwita kwa jina la baba kama alivyofanya akiwa amekasirika. "Nataka mashine inayotoa saa. Hilo neno haiaminiki litoe. Nisilione tena humu ndani."

"Nikilitoa, bosi, itatoa saa yoyote tu."

"Saa yoyote ni saa. Litoe."

Elia akakaa kwenye kompyuta yake, akafuta mistari minne. Hiyo ndiyo iliyokuwa inamwagiza draiva aitazame alama kwanza. Kuanzia hapo draiva akawa kama karani anayejaza fomu za sensa akiwa amekaa kilabuni: kila akiulizwa ana jibu, na hakuna nyumba aliyofika. Kidude kiliendelea kuinua alama yake kila alfajiri kwa uaminifu. Hapakuwa na wa kuitazama. Mashine ikaanza kuandika KARIBU kwa herufi kubwa, foleni ikatembea, meneja akampigapiga Elia begani, na kijana akajisikia vizuri. Kujisikia vizuri kwa mambo kama hayo ni ugonjwa, lakini ukiwa kazini unaitwa ushirikiano.

Wenye akili mtauliza: je, hakuna aliyeona tarehe? Tarehe na saa vilikuwepo chini ya jina la mtu, kwa herufi ndogo za kuumiza macho. Na watu wetu hawajawahi kuzitegemea namba za mashine. Sisi siku tunaihesabu toka jua linapochomoza, mashine inaihesabu toka katikati ya usiku. Milembe akifika saa kumi na moja na nusu, mashine ilikuwa imezoea kumwandikia tano na nusu. Sasa ikaanza kumwandikia sifuri, sifuri, thelathini. Alidhani saa za Kizungu zimebadilishwa. Wazungu hubadilisha vitu bila kuaga. Akaweka kidole, akachukua fagio.

Tena kilikuwepo kitu kimoja kilichoifanya hitilafu ionekane kama haipo. Wilhelmina alipowasha kompyuta ya utumishi, mashine ya ukutani iliiomba saa kwa njia ya waya, ikajirekebisha. Kompyuta ile huwashwa baada ya chai, saa mbili na nusu. Kwa hiyo aliyekuja baada ya saa mbili na nusu aliandikwa tarehe ya leo, sawasawa kabisa. Aliyewahi aliandikwa mwaka elfu mbili, na kwenye ripoti ya mwezi akaonekana hakuja.

Mitambo ya pale huanza saa tatu, umande ukishakauka kwenye pamba, na watu wengi hufika baada ya saa mbili na nusu. Waliowahi walikuwa wawili. Mmoja ni Mayunga, fundi mitambo, aliyefika saa moja. Yeye rekodi zake zilisahihishwa kwa kalamu, maana ni shemeji yake meneja. Wa pili ni Milembe, aliyetakiwa afike mapema kuliko wote, kwa sababu vumbi la jana lisipoondolewa chini ya mitambo, cheche moja inatosha kuwasha moto ambao moshi wake utaonekana hadi Bariadi mjini. Milembe hakuwa na shemeji ofisini.

Ripoti ya Julai ilipotoka, mfanyakazi wa mwezi akawa Masele, karani wa ghala. Masele alikuwa hajawahi kufika kabla ya saa tatu kasoro robo tangu azaliwe. Picha yake ikabandikwa ubaoni. Chini ya ripoti hiyohiyo kulikuwa na jina la mtoro mkuu: siku ishirini na mbili za kazi, mahudhurio sifuri.

Milembe akapewa barua, na siku hiyohiyo akaipeleka kwa Elia, wakaamkiana kwa Kisukuma, yeye akimwita mwanangu na Elia akimwita mama.

"Mwangaluka, ng'wanone."

"Mwangaluka, mayu. Mhola?"

"Mhola duhu. Miwani nimeiacha nyumbani. Hebu nisomee, wewe ndiye wa makaratasi."

Elia akaichukua, akaanza kusoma. Kufikia mstari wa pili alikuwa amekwishajua kila kitu. Alizijua siku ishirini na mbili, akajua zimelala wapi, akajua na nani aliyezilaza huko. Lakini akaisoma barua yote, kwa sauti ya mtangazaji wa redio, mpaka kwenye "wako katika ujenzi wa taifa". Ilisema Milembe anasimamishwa kazi kwa utoro, na Ijumaa ya wiki inayofuata, saa nne, afike mbele ya kamati ya nidhamu ajieleze kwa nini asifukuzwe.

Milembe akaichukua barua, akaikunja. "Mimi? Mtoro?" Halafu akasema neno moja tu lililomhusu zaidi ya heshima yake. "Flora yuko mwaka wa mwisho wa uuguzi. Nikifukuzwa sasa, anarudi nyumbani." Flora alikuwa binti yake kitinda mimba, na fagio lile ndilo lililomfikisha chuoni tangu baba yake alipofariki.

"Tutaangalia, mayu," alisema Elia.

"Wabeja, asante, ng'wanone. Wewe angalia. Nakuamini."

Tutaangalia! Neno la watu wanaogeuza uso. Jioni ile Elia alijitetea moyoni mwake kwa hoja nzuri sana. Amri ilikuwa ya meneja. Amri ilikuwa ya mdomo. Yeye ni mdogo. Akisema, atakayefukuzwa ni yeye, na mama yake mzazi yuko Mwanhuzi anamtegemea. Hoja zote zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyomsaidia kulala.

Kesho yake akafanya kile ambacho waoga wenye elimu hukifanya: akapeleka karatasi badala ya maneno. Alichapisha rekodi zote ishirini na mbili za Milembe za mosi Januari mwaka elfu mbili, akaziweka mezani kwa Wilhelmina. Alitumaini kwamba mtu yeyote mwenye macho ataona, ataelewa, na yeye hatalazimika kufungua kinywa.

Wilhelmina akaona. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mwaka elfu mbili," alisema. "Huyu mama aliajiriwa lini?"

"Miaka kumi na moja iliyopita."

"Na mashine inasema aliingia kabla ya hapo. Bila mkataba."

"Inasema hivyo, lakini..."

"Mashine haidanganyi, Elia. Ingekuwa inadanganya, wewe ungekuwa wa kwanza kuniambia." Akachukua kalamu, akaongeza shitaka la pili: kughushi mahudhurio kwa kuingia kiwandani kabla ya tarehe ya kuajiriwa.

Hapo palikuwa pa kusema. Elia alisimama pale mezani kwa muda wa kutosha kusema mara kumi. Akasema, "Sawa, dada," akatoka. Ndivyo mtu anavyoweza kwenda kumwokoa mwenzake, akarudi amemwongezea kosa.

Wiki ile Milembe hakuwepo, na hakuna aliyewekwa mahali pake. Vumbi la pamba likapanda hadi vifundoni. Jumatano kukatokea moto mdogo chini ya mtambo wa pili, Mayunga akauzima kwa ndoo na matusi. Ripoti ya siku ikaandika hakuna upungufu.

Ijumaa ikafika. Kamati ilikuwa ya watu watatu: Bwana Januarius mwenyekiti, Wilhelmina katibu, na mwakilishi wa wafanyakazi ambaye, kwa kuwa Mungu naye hupenda kucheka, alikuwa Masele. Elia alikaa pembeni kama mtaalamu. Milembe aliingia amevaa kitenge chake cha kanisani, ameongozana na Machibya mlinzi. Akawaamkia wote mmoja mmoja, kwa utaratibu, bila haraka, mpaka meneja akatazama saa yake ya mkononi mara mbili.

Machibya ndiye aliyeanza. "Huyu mama namfungulia geti kila siku. Mimi nikiwasha swichi, yeye huyo anaingia."

"Una kumbukumbu ya maandishi?" aliuliza Wilhelmina.

Kitabu cha geti alikuwa nacho, lakini kilikuwa cha magari. Waendao kwa miguu hawakutengewa safu.

"Nina macho," alisema Machibya.

"Macho si mfumo."

Masele akaona zamu yake imefika. "Mimi kama mwakilishi wenu nasikitika sana. Lakini utoro unaturudisha nyuma, mama. Kuwahi ni tabia." Alilisema hilo bila kutabasamu, na kwa kweli alistahili picha yake ubaoni kwa ujasiri huo peke yake.

"Una la kujitetea?" aliuliza meneja.

Milembe akasimama. "Ninalo. Nani amenishitaki?"

"Umeshitakiwa na kiwanda."

"Kiwanda hakina mdomo, baba. Nani aliyesema sikuja?"

"Mashine."

"Basi iletwe." Akakaa. "Kwetu Shishiyu, mtu akikushitaki anasimama mbele yako, mnatazamana, anasema. Hakushitaki akiwa amejificha ukutani. Iletwe hapa, iniambie usoni kwamba sikuja, halafu mnifukuze. Sitabisha."

Masele alicheka. Wilhelmina akasema utaratibu hauna kifungu hicho. Lakini Bwana Januarius aliona mwanya wa kulimaliza jambo kwa mbwembwe, mfumo wake ukiwa umekaa mezani kama jaji. "Iletwe," alisema. "Mboje, kaichomoe."

Elia akaenda ukutani na bisibisi mkononi. Alijua akichomoa waya wa umeme nini kitatokea. Alijua pia namna ya kulizuia: aichomoe, aipitishe ofisini kwake, aiunganishe na kompyuta sekunde kumi, aiwekee saa sahihi, aipeleke bila kuizima tena, ikiwa imebebwa na betri ya akiba iliyokuwa mezani kwake. Ingeingia mle ndani inajua tarehe, na Milembe angekwisha. Wazo hilo lilimjia lote kwa ukamilifu, na aliona aibu kwamba limemjia. Tungependa kuwaambia kwamba dhamiri ndiyo iliyomzuia. Kilichomzuia ni ufunguo wa ofisi, aliokuwa ameuacha kwenye meza ya kamati.

Akaibeba mashine kifuani, akaiweka mbele ya Milembe, akachomeka umeme kwenye soketi ya chumba kile. Waya wa mtandao ulibaki ukutani. Kioo kikawaka.

"Mwangaluka," Milembe aliiambia mashine, maana hata mshitaki huamkiwa. Akaweka kidole.

KARIBU MILEMBE, iliandika mashine. Masele akainama asome maandishi madogo ya chini. "Mosi Januari, elfu mbili," alisoma. "Saa sifuri na dakika moja." Akayasoma tena. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyekanyaga kitu gizani, "Lakini leo ni Agosti."

"Hebu," alisema meneja. Akaweka kidole chake. KARIBU JANUARIUS. Mosi Januari, elfu mbili. Wilhelmina akaweka chake: vilevile. Masele naye akajaribu, akarudia kwa kidole kingine kana kwamba kidole cha kwanza ndicho kilichokosea. Kamati nzima ya nidhamu ikawa imeingia kiwandani kabla ya kiwanda kujengwa, bila mkataba hata mmoja kati yao. Machibya alicheka mpaka akaomba radhi.

Bwana Januarius hakufika kwenye cheo chake kwa kuchelewa kugeuka. "Mfumo huu ni mbovu," alisema. "Na umeficha ubovu wake. Nataka kujua, Elia, kwa nini mashine yako haikutuambia kwamba saa yake imepotea?"

Safari hii alimwita Elia, jina lake mwenyewe, kwa upole. Elia akaelewa bei ya upole huo. Alitakiwa aseme ni hitilafu ya kiufundi, aombe radhi, aandikiwe karipio dogo, na wote waende kunywa chai. Alimtazama Milembe. Mama yule hakuwa na uso wa ushindi. Alikuwa anamsikiliza tu, kama alivyomsikiliza siku ile akisomewa barua.

"Ilituambia," alisema Elia, na sauti ikamtoka nyembamba. "Julai mosi. Ilipiga kelele, dada Wilhelmina akaiziba na pamba. Ikaandika haiaminiki, na wewe, bosi, ukaniambia nilitoe hilo neno. Nikafuta mistari minne. Toka siku hiyo kila anayewahi anaandikwa mwaka elfu mbili. Aliyewahi kuliko wote ni mayu."

Wilhelmina alikuwa ameinua kalamu kuandika muhtasari, akaishusha bila kuandika. Masele akagundua kwamba picha yake ubaoni ina maana mpya.

"Una amri yangu hiyo kwa maandishi?" aliuliza meneja.

"Sina, bosi."

"Basi."

Kikao kiliisha kwa dakika nane. Mashitaka dhidi ya Milembe yaliondolewa kwa sababu za kiufundi, arudi kazini mara moja, siku zake zirudishwe. Elia akapewa barua palepale, kwa kuondoa tahadhari ya mfumo bila kibali cha maandishi, na ajieleze ndani ya saa arobaini na nane. Meneja alitamka "saa arobaini na nane" huku mashine mezani ikionyesha kwamba ni usiku wa mwaka mpya. Hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake.

Elia alitoka nje na barua yake. Alikuwa na hofu, lakini chini ya hofu kulikuwa na kitu kitamu kikianza kuchemka. Amesema! Amemwambia bosi mbele ya watu! Akaona atafukuzwa kama shujaa. Milembe alikuwa ameshavua kitenge cha kanisani, amefunga kanga ya kazi, anaelekea mitamboni. Elia akamfuata haraka. Alitaka kusikia wabeja. Tusimlaumu sana, binadamu hutaka kusikia wabeja.

"Pole kwa yote, mayu. Yameisha."

Milembe akasimama. "Mle ndani umesema Julai mosi. Ulijua tangu hiyo siku?"

"Nilijua itatoa saa ya uongo. Sikujua itakukuta wewe."

"Siku niliyokuletea barua unisomee. Hapo ulijua imenikuta mimi?"

Elia alitazama chini. Alikuwa amezoea kujibu maswali magumu ya mashine, na hili halikuwa gumu hata kidogo. "Nilijua, mayu. Mstari wa pili."

"Na ukanisomea mpaka mwisho."

"Ndiyo."

"Siku tisa nimeongea na Flora kwa simu, tunapanga atarudi nyumbani lini. Nilimwambia tusikate tamaa, kuna kijana wa makaratasi anaangalia."

Elia alifungua kinywa kuelezea amri, na cheo, na mama yake aliyeko Mwanhuzi. Hoja zote zilikuwepo bado, kwa mpangilio uleule. Milembe akainua mkono akamzuia, bila hasira, kama anavyozuiwa mtoto asiguse chungu cha moto.

"Kile chuma chako, ng'wanone, kilikuwa hakijui, kikapiga kelele mpaka wakakiziba. Wewe ulikuwa unajua. Nani alikuziba?"

Hakusubiri jibu. Mitambo ilikuwa inaunguruma tangu saa tatu, na chini yake vumbi la wiki nzima lilikuwa halijaguswa. Aliinama, akaingia, akaanza kufagia.